Asubuhi mbili za kutazama ndege Magamba, Usambara Magharibi

Mwenye siku mbili au tatu tu za kutazama ndege milimani hushawishika kuzunguka: leo msitu huu, kesho ule, keshokutwa mwamba wa kutazamia bonde, mradi orodha irefuke. Naona huko ni kuipoteza safari. Msitu wa milimani haumpi kitu mtu wa haraka. Chagua njia moja yenye urefu wa kilomita mbili hivi, uipite taratibu asubuhi mbili zinazofuatana. Utaona ndege wengi zaidi na, kubwa kuliko idadi, utawafahamu. Hapa naeleza namna ya kuifanya safari hiyo Magamba, juu ya Lushoto, ingawa mbinu zenyewe zinafaa pia Uluguru, Udzungwa, hata Taita ng'ambo ya mpaka.

Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, mfululizo wa safu 13 za milima unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa na Mahenge. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi zikifika milimani hupanda, hupoa, zikaacha mvua na ukungu. Ndiyo maana misitu imedumu huko juu ilhali nyika inayoizunguka ni kavu. Kila safu imekaa peke yake kwa muda mrefu mno, na ndege wa msituni wasiothubutu kuvuka uwazi wamekuwa wa kwao. Kuna ndege mdogo wa ardhini, Sheppardia montana, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa misitu ya Usambara Magharibi. Chozi wa Usambara (Cinnyris usambaricus) na mkesha wa Usambara (Turdus roehli) hawapatikani ila Usambara na safu chache za jirani. Ukifika hapa ukarudi bila kuwatafuta hao, ukatosheka na ndege ambao ungewaona bustanini kwako, umelipa nauli bure.

Kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha unakata kulia au kushoto pale Mombo, kutegemea unakotoka, kisha unapanda lami ya kona kali kupitia Soni hadi Lushoto, kilomita 33 hivi. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Msitu wa Magamba unaanzia juu zaidi na kufika karibu mita 2,300. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, na ndege wamegawana mlima kwa mujibu wa joto hilo. Anayebaki kwenye bustani za mji atapata ndege kama chozi, mnana na hondohondo, lakini wale wa msitu wa baridi hawatamshukia.

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Shughuli za kibali zimalize siku moja kabla. Ofisi hazifunguliwi alfajiri, malipo ya serikali yanapitia namba ya kumbukumbu, na mtandao wa simu unaweza kukukatikia katikati ya muamala. Anayesubiri ofisi ifunguliwe ataingia msituni saa tatu, wakati kilele cha asubuhi kimeshapita. Siku hiyo hiyo zungumza na mwongozaji. Mwambie wazi kwamba mnakwenda kwa ajili ya ndege, hamwendi kileleni, kwamba mtaondoka saa kumi na moja alfajiri, na kwamba mkitembea mita mia tano kwa saa mtakuwa mmekwenda vizuri. Mwongozaji aliyezoea wageni wa kupanda milima hukaza mwendo kwa nia njema kabisa, akidhani ndiyo haki yako.

Uliza pia njia inapita katika miti gani. Sehemu kubwa za Usambara Magharibi, hasa upande wa Shume, zimepandwa misonobari na miti mingine ya mbao. Chini yake hakuna vichaka, magome hayana mimea ya kudandia wala unyevu wa kulea wadudu, na matunda hakuna. Ukijikuta katika miti iliyopangwa kwa mistari, usikawie. Unachotaka ni msitu wa asili wenye miti mikubwa kama mikulo, matawi yaliyovikwa mimea ya kudandia, na vichaka vizito chini. Nzuri kuliko zote ni njia pana ya zamani ya magogo iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja una ukuta wa udongo, upande wa pili vilele vya miti ya bondeni viko usawa wa macho yako. Ndege wa juu kabisa, ambaye kwingine ungemwona tumbo tu huku shingo ikiuma, hapo unamwona ubavu, mgongo na kichwa. Kila kona ya njia ya namna hiyo inastahili robo saa.

Kuhusu majira, Septemba hadi Desemba ndicho kipindi cha kuimba, na msituni kuimba ndiko kuonekana. Juni hadi Agosti ni baridi, ukungu unaweza kukaa hadi adhuhuri, wengi wako kimya, na baadhi yao hushuka misitu ya chini kuikwepa baridi. Masika, Machi hadi Mei, yana mvua nzito na njia zenye utelezi. Nenda tu ukiwa na moyo wa kusubiri mvua ikatike.

Darubini ya msituni ni 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi za mbele za kipenyo cha milimita 42. Watu hununua 10x42 wakiamini kukuza zaidi ni kuona zaidi, lakini chini ya miti hesabu inageuka. Gawanya 42 kwa 8 upate upana wa mwale wa mwanga unaofika jichoni: milimita 5.25. Kwa 10x42 ni milimita 4.2. Saa kumi na mbili na nusu ndani ya msitu wenye ukungu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utaona rangi au kivuli. Tena 8 ina uwanja mpana wa kuona, kwa hiyo unampata upesi ndege anayehamahama tawini, na haitikisiki sana mikononi. Kabla ya kununua jaribu kuangalia vidole vya miguu yako ukiwa umesimama. Ikiwa darubini haioni vizuri kitu kilicho mita mbili, msituni itakusumbua, maana ndege wengine hutokea karibu hivyo.

Rekebisha darubini jioni ya kuamkia safari, usingoje ndege. Tafuta kitu chenye maandishi kilicho mita 20 au 30. Funika lenzi ya kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lisome vizuri. Kisha funika ya kushoto na, bila kugusa gurudumu la katikati, zungusha pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia mpaka nalo lisome. Kumbuka alama ilipo. Mwenye miwani akunje chini vikombe vya macho, la sivyo ataona duara dogo katikati ya giza. Kamba iwe fupi, darubini ikae kifuani, siyo tumboni ambako itagonga kila jiwe unaloinamia.

Ukungu kwenye vioo ni adui wa kila asubuhi. Kioo baridi kikikutana na hewa yenye joto na unyevu hutoa jasho, na joto hilo ni pumzi yako au mwili wako. Kwa hiyo usiifiche darubini ndani ya koti kati ya ndege mmoja na mwingine, usipumue ukiwa umeishika puani, na usifute vioo kwa shati, kwa sababu chembe za vumbi huchora lenzi. Puliza kwanza, kisha tumia kitambaa chake, kikiwa kimehifadhiwa kwenye mfuko wa plastiki usioingia maji.

Mavazi yawe ya rangi iliyofifia, kijani au kahawia, na yasiyopiga kelele. Koti la mvua la nailoni huchakarika kila unapoinua mkono, na ndege wa vichakani husikia. Mimi napendelea mwavuli kwa mvua nyepesi, maana unaweza kusimama chini yake na darubini ikabaki kavu. Suruali iingizwe ndani ya soksi, sababu nitaieleza. Chukua sweta hata kama bondeni kulikuwa na joto, maji, chakula kisicho na makaratasi ya kelele, daftari na penseli. Kalamu ya wino hukataa kuandika kwenye karatasi yenye unyevu.

Kuwa mwanzoni mwa njia saa kumi na mbili kasorobo, bado kuna giza. Usitembee. Simama tu, geuza uso polepole kila upande, ujue sauti zinatoka wapi na ziko ngapi. Huwezi kuzitaja zote, na si lazima. Ziandike kwa maelezo yako: inapanda, inashuka, inarudiwa mara ngapi, iko ardhini au juu. Katika nusu saa hiyo wanaimba ndege ambao baadaye hunyamaza kutwa nzima. Mmoja ni Modulatrix stictigula, ndege wa kahawia wa sakafu ya msitu mwenye madoa kooni, ambaye hupiga mluzi alfajiri na jioni na kati ya hapo hujificha vichakani. Ukisikia mluzi wake karibu, chuchumaa. Macho yakiwa usawa wa goti yanapenya chini ya majani, mahali ambapo aliyesimama anaona ukuta wa kijani tu.

Nuru ikifika sakafuni, tembea hatua kumi, simama dakika mbili, rudia. Sababu ya kusimama ni kwamba kila hatua yako inanyamazisha duara la ndege wa chini, na wanahitaji dakika moja au mbili za utulivu kuendelea na shughuli zao. Anayetembea bila kusimama hubeba ukimya wake pamoja naye, kisha hulalamika kwamba msitu hauna ndege. Ukiona kitu, usinyooshe mkono wote kuelekeza wenzako, kwani mwendo wa mkono huogopesha kuliko sauti ya chini. Sema kwa mti: "shina nene lenye mimea ya kutambaa, panda hadi tawi la pili kushoto, fuata mpaka lilipokatika." Mtindo huu unahitaji mazoezi, na kundi lisiloujua hupoteza nusu ya ndege wake katika kuulizana "wapi?"

Ndege wa chini wa Magamba ndio hazina yenyewe. Sheppardia montana hana rangi ya kung'aa hata moja: mgongo wa kahawia iliyochanganyika na zaituni, tumbo hafifu, na wekundu wa kutu sehemu ya juu ya mkia. Hukaa kwenye kijiti kilicho nusu mita kutoka ardhini, kimya, akaruka chini kuchukua mdudu, akarudi kijitini. Ndugu yake wa karibu, Sheppardia sharpei, ana kifua cha rangi ya chungwa na nyusi nyeupe, kwa hiyo wasikuchanganye. Mwingine ni Pogonocichla stellata, kichwa cha kijivu, tumbo la njano safi, na nyota ndogo nyeupe mbele ya jicho. Huyu ni mpole, ukisimama anaweza kusogea mita chache tu kutoka miguuni. Makinda wake wana madoadoa na wakubwa kidogo wana rangi ya kijani-njano isiyoeleweka. Wengi huandikwa vitabuni mwa wageni kama ndege wasiojulikana.

Sasa siafu. Ukiona mstari wa siafu umevuka njia, hiyo ni bahati ya safari nzima. Kundi linapotawanyika kuwinda, kila panzi, buibui na mende huchomoka majani akikimbia, na ndege wa chini huja kuwavuna. Chamaetylas fuelleborni, mwenye mgongo wa kahawia na kifua cheupe kabisa, ni mfuasi wao mkubwa, na wale niliowataja juu hufika pia. Tafuta mbele ya kundi, mahali siafu wametapakaa kama zulia na si pale walipojipanga mstari. Simama mita tatu au nne pembeni, hakikisha miguu yako haiko juu ya tawi la mstari, kisha tulia nusu saa. Ndege watatawanyika ukifika na watarudi mmoja mmoja wakikaa kwenye vijiti vya chini. Soksi juu ya suruali ni kwa ajili ya hapa. Wakikupanda, toka kwanza kwenye eneo lao, ndipo uwang'oe mmoja mmoja kwa vidole. Kupigapiga suruali ukiwa umesimama palepale huongeza tu idadi yao.

Kuanzia saa moja na nusu hivi msitu huonekana kufa kwa dakika kumi, kisha mti mmoja unajaa ndege wa aina saba, kisha unakuwa mtupu tena. Hilo ni kundi mseto. Spishi mbalimbali hutafuta chakula pamoja, kila moja kwenye tabaka lake, kwa sababu macho mengi humwona kipanga mapema na mdudu anayemkimbia huyu huangukia mdomoni kwa yule. Mara nyingi linatangazwa na mramba mweusi mwenye sauti ya kukwaruza. Ukimsikia, acha kila kitu. Usilifuate kundi vichakani, maana utalisukuma. Angalia linaelekea wapi, na ikiwa njia inakwenda huko, tangulia mita 20 na ulingoje.

Anza na mashina, kisha tabaka la kati, vilele mwisho, kwa kuwa wa chini ndio watakaokupotea kwanza. Shinani atakuwepo shore anayedandia gome kwa kucha akichokoa nyufa, Arizelocichla masukuensis. Tabia hiyo inatosha kumtambua hata kama rangi ni zaituni na kijivu tu. Akiwepo shore mwembamba anayekunjua bawa moja, kisha lingine, huyo ni Phyllastrephus flavostriatus. Mashore huwakatisha tamaa wanaoanza, nami nasema waache rangi wafuate mwenendo: anatembea wapi, anashika nini, mabawa anayafanyaje. Tabaka la kati kuna kidege cheusi-kijivu mwenye kishungi anayefungua mkia kama upepeo kuonyesha weupe pembeni, Elminia albonotata. Juu, kwenye matawi yaliyovikwa mimea ya kudandia, tafuta mnana wa Usambara (Ploceus nicolli), ndege adimu aliye hatarini kutoweka. Kosa la kawaida ni kumwandika mwenzake aliye mwingi zaidi, Ploceus bicolor, kuwa ndiye. Wote ni weusi juu na njano chini. Lakini nicolli ana rangi ya hudhurungi kwenye kifua cha juu na dume ana paji la njano iliyofifia, ilhali bicolor kichwa chote ni cheusi na njano yake inaanza ghafla bila hudhurungi. Kama hukuona kifua, andika "mnana" tu. Rekodi ya ndege adimu iliyokisiwa ni mbaya kuliko kutokuwa na rekodi.

Ndege mmoja hahitaji kundi, naye ni Apaloderma vittatum: tumbo jekundu, mgongo wa kijani unaometa, mkia mrefu wenye mistari myembamba chini. Anaweza kukaa robo saa bila kugeuza hata shingo, na ana mazoea ya kukupa mgongo, kijani ndani ya kijani. Wito wake ni mfuatano wa milio mifupi inayozidi ukubwa, na sauti hiyo hudanganya umbali: unadhani yuko mbali kumbe yuko juu yako. Akiita, usimtafute palipo na majani mengi. Angalia matawi ya mlalo yaliyo wazi, urefu wa mita tano hadi kumi na tano, uchunguze tawi kwa tawi. Ukimkosa asubuhi ya kwanza, weka alama kwenye daftari ulipomsikia. Ana eneo lake, kesho atakuwa hapo au karibu.

Jua likigonga vilele, kati ya saa mbili na saa nne, geukia miti yenye matunda. Mkuyu mmoja ulioiva una thamani ya kilomita nzima ya njia. Hondohondo wakubwa weusi na weupe, Bycanistes brevis, utausikia upepo wa mabawa yao kabla ya kuwaona. Shorobo wa huku juu ni Tauraco hartlaubi, mwenye kishungi cha bluu iliyokoza na baka jeupe karibu na jicho. Hukimbia juu ya matawi kwa miguu, na akiruka hufungua mabawa mekundu yanayoshtua. Wekundu huo unatokana na rangi yenye shaba ndani yake. Ukipata shorobo mwenye kishungi cha kijani kilichopambwa wekundu, Tauraco fischeri, ujue uko kwenye misitu ya chini na ya joto zaidi. Karibu saa nne, hewa ikianza kupanda, sikiliza angani. Tai wa msituni mwenye kishungi, Stephanoaetus coronatus, hupaa juu sana akipanda na kushuka huku akiita mfululizo. Mbega na kima wakinyamaza au wakipiga kelele ya hofu, inua macho.

Ukungu ukiwa mweupe nyuma ya ndege, darubini yoyote itakuonyesha kivuli cheusi. Hama hatua tano mpaka nyuma yake kuwe na mteremko wa giza. Mpiga picha naye aongeze mwanga kwa hatua moja au moja na nusu, akubali ISO 3200 au zaidi, na asishuke chini ya kasi ya 1/250. Flashi iachwe nyumbani. Mvua ikinyesha, ngoja pembeni mwa uwazi ambako jua litafika kwanza, kwa sababu nusu saa baada ya mvua ndege hutoka wote kujikausha na kula.

Saa tano hadi saa tisa rudi upumzike. Kuanzia saa kumi usirudi msituni ndani. Kaa ukingoni, penye maua. Ndege aina ya chozi hushindania maua ya mimea ya kutambaa na vichaka vya pembezoni, na hapo ndipo dume wa chozi wa Usambara, kichwa cha kijani kinachometa na mkanda mwembamba mwekundu kifuani, hukaa wazi kwa muda wa kutosha. Njia hizo ni za wenyeji wanaotoka mashambani. Salimia kwanza, mpishe aliyebeba mzigo, na usielekeze darubini kwenye nyumba ya mtu hata kama ndege yuko juu ya paa lake.

Asubuhi ya pili, njia ileile, saa ileile. Sasa sauti nyingi unazijua, kwa hiyo zile mpya zinajitokeza zenyewe. Pita haraka palipokuwa patupu jana, na upeleke muda wako kwenye alama ulizoweka: mti wenye matunda, mahali pa Apaloderma, kona ambako kundi mseto lilipotelea. Makundi hayo huzunguka eneo lao, hivyo yaliyokuponyoka saa mbili jana yana nafasi nzuri ya kupita tena karibu na hapo.

Kuna jambo ambalo nalisisitiza bila kulegeza: usipige sauti za ndege zilizorekodiwa. Dume anayesikia mpinzani ndani ya eneo lake huacha kula na kulisha makinda, anakuja kupigana na simu yako. Wewe unapiga mara moja, lakini anayefuata naye anapiga, na njia inayofikika kirahisi hupitwa na wageni wengi. Ndege adimu wa eneo dogo hawana pa kuhamia. Mwongozaji akitoa simu kwa ajili hiyo, mwambie kwa upole kwamba utafurahi zaidi kumsubiri. Programu za simu za kutambua sauti ni jambo lingine, hazimsumbui ndege, ila jina zinalotoa lichukue kama pendekezo la kuthibitisha kwa macho.

Jioni hiyo hiyo, kabla kumbukumbu haijafifia, andika rekodi kamili: saa ya kuanza na kumaliza, umbali, mwinuko, watazamaji wangapi, na idadi ya kila spishi, zikiwemo ulizosikia tu, ukizitofautisha na ulizoona. Ziingize eBird, hifadhidata ya mtandaoni ya rekodi za ndege, au uzipeleke kwa atlasi ya ndege ya Tanzania. Orodha yenye muda na umbali inaweza kulinganishwa na ya mwaka ujao kwenye njia hiyohiyo. Orodha ya majina matupu haiwezi. Darubini ifungue vifuniko ikauke mezani usiku kucha, usiifungie mkobani ikiwa na unyevu, kwani kuvu huota ndani ya lenzi na hakutoki kirahisi.

Amani, Usambara Mashariki, usiibandike kwenye safari hii. Unaifikia kupitia Muheza kwa barabara nyingine kabisa, na ndege wake ni wa mwinuko wa chini, mita 900 hivi pale Amani penyewe. Inataka asubuhi zake mbili, moja juu na moja Sigi bondeni. Huko anayestahili subira kuliko wote ni Artisornis moreaui, kidege cha mdomo mrefu kinachoishi ndani ya mizongo ya mimea ya kutambaa, aliyepewa jina la Reginald Moreau, mtafiti aliyefanya kazi Amani kuanzia mwaka 1928. Mbali na Usambara Mashariki anajulikana tu kaskazini mwa Msumbiji. Simama kwenye uwazi ambako mti mkubwa ulianguka na mimea ya kutambaa ikafunika pengo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na utazame mizongo hiyo kuanzia chini kwenda juu.